Mto Nile Ulinifundisha Ziwa Langu

Kamanga tunaishi kwa maji. Kwenda Mwanza mjini ni kuvuka ghuba kwa kivuko, kutafuta kitoweo ni kushuka mwaloni, na ng'ombe wakipata kiu wanaelekezwa hukohuko. Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 nzima juu ya maji, tulishangilia na Watanzania wenzetu, lakini sisi wa huku bado tunasikiliza honi ya kivuko. Katika kijiji hicho cha maji, mimi binti wa mvuvi nilifika utu uzima bila kujua kuogelea. Wala sikuwa peke yangu. Simama mwaloni jioni mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake, uwaulize vijana waliokalia nyavu ni wangapi wanaoweza kuogelea kutoka mtumbwi mmoja hadi wa pili. Watakaonyoosha mkono ni wachache, na baadhi yao watanyoosha kwa aibu tu.

Nautoa ushuhuda huu kwa sababu nimebadilika, namshukuru Mungu, na kilichonibadilisha ni maji yaleyale niliyokuwa nayaogopa, ila niliyakuta yameshatoka ziwani na kuwa mto.

Hofu yangu ilikuwa na majina na tarehe. Nilikua nikisikia habari za MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kuja Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma, na kila Mei inapofika wazee wa kwetu wanapunguza sauti ya redio. Kisha ikaja Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri nchi kavu. Na kabla ya hapo, nyumbani kwetu, baba mdogo alikuwa ametoka usiku kuvua dagaa, upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Walikuwa karibu na ufuko kiasi kwamba watu waliokuwa mwaloni walisikia sauti zao. Mmoja alishika dumu la mafuta akaokoka. Baba mdogo hakushika kitu.

Msibani watu walisema ziwa limemchukua. Wakasema siku yake ilikuwa imefika. Maneno hayo yana faraja yake na siwalaumu walioyasema, nami niliyasema pia. Lakini katika matanga yote yale hakuna aliyeuliza kama marehemu alikuwa amewahi kufundishwa kuelea. Sisi wasichana ndio tulioambiwa tusiingie majini zaidi ya magoti: kuna kichocho, kuna mamba, na tena binti anayejirushia maji hadharani ana heshima gani. Basi nikaishi hivyo. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikawa nachora Ziwa Victoria ubaoni, nikaweka mshale upande wa kaskazini, nikaandika "Mto Nile", na watoto wakanakili.

Mshale ule ndio ulionitoa nyumbani. Nilitaka kuona mahali ambapo maji ya kwetu yanaondokea. Likizo ya katikati ya mwaka, mimi na mwalimu mwenzangu wa Sengerema tulifunga mabegi ya mgongoni tukapanda meli ya MV Victoria kwenda Bukoba. Usiku kucha sikukaa upande wa dirishani. Asubuhi tukashika njia ya Mutukula, tukaingia Uganda, na badala ya kwenda Jinja moja kwa moja tukakata kushoto kuelekea milimani, kwa kuwa mwenzangu alikuwa na hamu ya kuiona Muhavura na theluji ya Rwenzori, na mimi, kusema kweli, sikuwa na haraka ya kuufikia mto.

Milima ya Kigezi inapendeza mno. Ngazi za mashamba zinapanda hadi mawinguni, baridi ya asubuhi inakufanya uongee huku umekumbatia kikombe. Ila kilichonishika kule hakikuwa mlima. Lilikuwa Ziwa Bunyonyi, karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, lenye visiwa vingi vidogo. Watoto wa shule huvuka wenyewe kwa mitumbwi iliyochongwa kwa mkaratusi, madaftari mapajani, kafi mkononi. Mgeni akishika kafi, mtumbwi unazunguka palepale. Nasi tulizunguka, watoto wakatuelekeza kwa mikono jinsi ya kuligeuza kafi mwisho wa kila pigo ili pua inyooke.

Katika ziwa hilo kuna kisiwa kidogo kinaitwa Akampene. Zamani Wakiga walikuwa wakimpeleka huko msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa na kumwacha afe kwa njaa na baridi. Wengine walichukuliwa na wanaume maskini wasio na ng'ombe wa mahari. Wengine walijaribu kuogelea kurudi nchi kavu wakafa maji, kwa sababu hawakujua. Nilikaa muda mrefu nikikitazama kisiwa kile. Ni majani tu na mti, na ng'ambo inaonekana wazi, unaweza kumwona mtu na nguo aliyovaa. Adhabu ile iliwezekana kwa sababu moja: wasichana hawakufundishwa kuogelea. Nikajiuliza, na mimi ningeachwa pale, ningekuwa nani?

Kilembe, chini ya Rwenzori, tuliona mto wa aina nyingine. Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima yenye kilele cha mita 5,109, na mafuriko yake ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalisomba nyumba na madaraja. Yale ya 2020 yaliiharibu hata hospitali ya Kilembe. Mawe yaliyoshuka na maji bado yametapakaa bondeni. Mwenzangu alisema mto wa hivi haufai kuguswa na binadamu, nikakubaliana naye kwa moyo wote. Tukapita Fort Portal na Kampala, tukafika Jinja.

Jinja ni mahali ambapo ziwa letu linaondoka. Linaondokea hapo tu, hakuna mto mwingine unaotoka Ziwa Victoria. Kilomita za mraba 68,800 za maji, mito yote inayoingia, Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia, mvua yote ya Ukerewe na Ukara, kinachobaki baada ya jua kuchukua sehemu yake kinapita mlango mmoja. Yakiondoka hapo maji husafiri kwa miezi kabla ya kuonja chumvi ya Bahari ya Mediterania. John Hanning Speke aliliona ziwa upande wa kwetu, Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akakisia kuwa ndilo chanzo cha Nile. Ilimchukua hadi Julai 28, 1862 kufika Jinja na kuyaona maporomoko ambayo aliyaita Ripon. Vitabu vingi vinamtaja yeye peke yake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu pia habari za Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akarejea akiwa mtu huru, na aliyekuwemo katika safari zote mbili. Bila watu wa aina yake Speke asingeweza kuomba hata maji ya kunywa.

Maporomoko yale ya Ripon hayapo tena. Yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililokamilika 1954 na ambalo sasa linaitwa Nalubaale, jina ambalo Waganda wanaliita ziwa lenyewe. Chini yake kidogo palikuwa na maporomoko ya Bujagali, nayo yalizamishwa na bwawa la megawati 250 lililozinduliwa 2012. Isimba, megawati 183, ikafuata 2019 na kufunika maji mengine ya kasi yaliyokuwa yakipendwa na wapiga makafi wa dunia nzima. Ninaishi kijiji kilichosubiri umeme kwa miaka mingi na siwezi kuudharau. Lakini nimewasikia vijana wa Jinja wakiyataja mawimbi yaliyozama kwa majina yake, wakiyataja kwa upole, na nimeelewa kuwa kuna hasara ambayo haimo katika hesabu ya megawati. Kati ya bwawa la Bujagali na la Isimba pamebaki kipande cha mto kilicho hai, pamoja na maporomoko ya Itanda na Kalagala, ambayo serikali ya Uganda iliahidi Benki ya Dunia kuyahifadhi kama fidia ya Bujagali. Hapo ndipo nilipojifunza kuyakabili maji.

Sikwenda na nia hiyo. Tulikuwa tumekaa ukingoni tukiwatazama vijana wa kijijini wakicheza kwenye wimbi kwa kayaki, vyombo vifupi vya plastiki vyenye rangi kali. Wimbi lilikuwa limesimama mahali pamoja na maji yakipita chini yake kwa kishindo. Hilo lilinishangaza kuliko kitu chochote. Kwetu ziwani wimbi ndilo linalosafiri, maji yanabaki. Boya la wavu hupanda na kushuka palepale. Mtoni maji ndiyo yanayosafiri na wimbi linabaki, kwa sababu chini kuna mwamba usiohama. Kumbe unaweza kulijua wimbi. Unaweza kurudi kesho ukalikuta hapohapo na kuendelea kujifunza tabia yake.

Kijana mmoja alipopanda ukingoni kupumzika nilimuuliza kama alizaliwa anajua. Alicheka, akasema alifundishwa, na akasema anafundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha Walukuba, mtaa wa hapo Jinja, kifupi kama amri ya jeshi, lakini chenye subira ndani. "Dada, wewe ni mtu wa ziwa. Haya ni maji yako. Unayaogopaje?" Sikuwa na jibu la kumpa. Fedha niliyoitenga kununulia bati za nyumba ya mama ndiyo niliyolipia mafunzo, na siijutii hata shilingi moja. Mama alisubiri bati kidogo, akazipata baadaye.

Somo la kwanza halina hata kasi. Ni kwenye maji yaliyotulia, nyuma ya kisiwa, na linahusu kupinduka. Kayaki unaivaa kama suruali: miguu ndani, magoti yamebana pande zote, na kiunoni unafunga sketi ya mpira inayozuia maji yasiingie. Halafu mwalimu anakupindua. Kichwa kinaning'inia chini, masikio yanajaa, na mwili wote unataka kufanya jambo moja tu, kupiga mateke. Ukipiga mateke unabaki humo. Unatakiwa uiname mbele, ushike kitanzi cha sketi, ukivute, kisha uisukume kayaki kutoka mapajani kwa utulivu wa mtu anayevua viatu nyumbani kwake. Ukifanya hivyo unachomoka, na jaketi okozi linakuleta juu lenyewe.

Mara ya kwanza nilitoka nikikohoa na kulia. Nililia kwa ajili ya baba mdogo. Nilielewa nikiwa chini kule kwamba giza lile, na kelele ile ya mapovu, ndiyo aliyoisikia, na kwamba kati yake na uhai palikuwa na vitu viwili tu, maarifa kidogo na jaketi moja. Mwalimu hakuniharakisha. Alikaa kwenye kayaki yake pembeni yangu mpaka nikanyamaza, kisha akaniuliza kama narudia. Nikarudia.

Nikiwa chini nilikuwa namfikiria pia yule fundi wa MV Nyerere. Kivuko kilipopinduka alikuwa ndani, akabaki mahali palipokuwa na hewa iliyonaswa, na Septemba 22, siku ya pili baada ya ajali, waokoaji wakamtoa akiwa hai. Nchi nzima ilisema ni muujiza na mimi naamini ni muujiza. Lakini tangu Jinja naamini pia kwamba Mungu alimpa mtu yule akili ya kutulia mahali palipo na hewa, na akaitumia.

Baada ya kutoka kunakuja kujiinua. Badala ya kuchomoka, unabaki ndani ya kayaki, unafikisha kafi juu ya maji ukiwa bado umepinduka, unalifagia kwa upana, na kiuno kinaigeuza kayaki chini yako. Kichwa kinatoka mwisho. Hapo ndipo wote tunapokwama, maana kichwa kinataka hewa na kinakimbilia kutoka kwanza. Kikitangulia, uzito wake unakurudisha chini. Nguvu za mikono hazisaidii. Niliona wanaume wenye mabega mapana wakishindwa na wasichana wembamba wakijiinua bila kutoa jasho. Niliambiwa habari za Amina Tayona, mwanamke wa Uganda aliyekulia kando ya mto huu na kufahamika katika mchezo wa kayaki, na kwangu mimi niliyekatazwa kuvuka magoti, kusikia jina la Amina likitajwa kando ya maji kwa fahari kulinipa nguvu ambayo mwalimu yeyote wa kiume asingeweza kunipa.

Kisha tukaingia mtoni kwenyewe. Nile ya Jinja inamfaa mwanafunzi kuliko mito ya mlimani niliyoiona Kilembe: maji ni mengi na ya vuguvugu, kina ni kirefu kiasi kwamba mara nyingi hugusi mwamba, na kila baada ya maji ya kasi kuna bwawa pana lililotulia la kuokotana. Ukisukwasukwa, unasukwasukwa na maji, hupondwi na mawe. Lakini lazima uyasome. Maji yakijichora umbo la V linaloelekeza ncha yake chini ya mto, hapo kati ndipo penye njia. Ncha ikielekea juu ya mto, kuna jiwe linakusubiri. Nyuma ya kila mwamba mkubwa maji yanageuka na kurudi nyuma. Waongozaji wanapaita edi, na hapo unaweza kuegesha katikati ya kishindo chote, ukapumua, ukatazama mbele. Mpaka kati ya maji yanayoshuka na yanayorudi ni mkali. Ukiuvuka bila kuinamia upande unakoelekea, umepinduka kabla hujajua.

Kuvuka mto nako kuna kanuni yake. Huelekezi pua ng'ambo moja kwa moja. Unaitazamisha juu ya mto, kwa mshazari kidogo, unapiga kafi, na mkondo wenyewe unakubeba upande wa pili. Nilipofundishwa hilo nilimkumbuka nahodha wa kivuko chetu siku za upepo, anavyoiweka pua mbali na gati mpaka wageni wanadhani amepotea, kisha kivuko kinaingia mahali pake. Miaka yote nilikuwa nimepanda chombo kile nikiwa nimefumba macho. Maarifa yalikuwa mbele yangu na nauli nimelipa.

Siku niliyotupwa nje katika maji ya kasi nilifanya nilichofundishwa: chali, miguu mbele, visigino juu ya maji, mikono imepanuliwa. Usijaribu kusimama, maana mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi. Wimbi lilinifunika, likaniachia, lingine likanifunika. Nilipumua katikati yao. Mwalimu aliniletea nyuma ya kayaki yake nikaishika, na kamba ilikuwa tayari ukingoni mkononi mwa mwenzake. Nilipofika nchi kavu niligundua kwamba sikuwa nimepiga kelele. Hofu ilikuwepo, ilikuwa kubwa, lakini safari hii ilikuwa na kazi ya kufanya.

Sitaki mtu asome haya akadhani mto ni mchezo usio na kifo. Pale Jinja wanamkumbuka Hendri Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeishi hapo na ambaye mwaka 2004 aliongoza safari ya kuufuata Nile kutoka ziwani hadi Mediterania. Desemba 2010 mamba alimvuta kutoka kwenye kayaki yake katika Mto Lukuga, Kongo, na hakuonekana tena. Huyo alikuwa bingwa. Mwalimu wangu alinisimulia habari zake siku ambayo nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, na nadhani aliichagua siku hiyo kwa makusudi. Itanda sikuishuka, niliitazama kutoka juu ya mwamba na kuipa heshima yake.

Nimerudi Kamanga na mambo kadhaa yamebadilika, mengine madogo. Kwenye kivuko sasa nakaa dirishani. Niliporudi, baba alinikuta ufukoni nikitazama upepo, nikampa shikamoo, akaniuliza, "Mama, huko Uganda walikuonyesha nini?" Nikamwambia wamenionyesha kwamba baba mdogo angeweza kuwa hai. Hakujibu. Alikwenda kukaa chini ya mwembe. Yalikuwa maneno mazito kumwambia mzee aliyemzika mdogo wake, na niliyasema kwa heshima, lakini niliyasema. Baba alikuwa na hoja zake dhidi ya jaketi okozi, hoja ambazo wavuvi wote wanazo: lina joto, linanasa kwenye wavu wakati wa kuvuta, kijana akilivaa wenzake wanamwona mwoga. Zote ni za kweli. Nilimwambia kwamba Jinja aliyevaa jaketi ni yule anayejua zaidi, na asiyevaa hapewi hata kafi. Leo katika mtumbwi wake majaketi yapo na yanavaliwa, na madumu matupu yamefungwa chini ya mbao za kukalia ili mtumbwi ukipinduka ubaki ukielea.

Shuleni nimeanza na kisichohitaji kuingia majini, kwa sababu kichocho ni cha kweli: vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukoni, penye maji yaliyotulia ambapo watoto hupenda kucheza, na dawa zinazogawiwa shuleni hazimkingi mtoto asiambukizwe tena kesho yake. Mimi mwenyewe nilipimwa na kumeza dawa niliporudi. Kwa hiyo tunajifunza uwanjani. Dumu lenye maji kidogo ndani ili liruke vizuri, kamba ndefu shingoni mwake, na mtoto anajifunza kulirusha lifike alipo mwenzake. Kanuni yao wanaiimba: rusha, usiruke. Maana ufukoni kwetu mara nyingi anayezama si mmoja. Kaka anaruka kumfuata mdogo wake, na mama anaruka kumfuata kaka.

Lakini dumu halitoshi, na hapa ndipo ninapotaka kusema na wakubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Umoja wa Mataifa umetenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Hapahapa Mwanza lipo shirika la EMEDO linaloendesha mradi wa kuzuia watu kufa maji katika ukanda wa ziwa, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Na wanaosema binti wa heshima haogelei nawaelekeza Nungwi, Zanzibar, ambako mradi wa Panje umewafundisha wasichana Waislamu kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima; picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Heshima yao haikupungua, na wanaweza kumtoa mtoto majini.

Naomba halmashauri zetu za kandokando ya ziwa, kuanzia Sengerema hadi Ukerewe, ziingize kuelea na kuogelea katika mambo ambayo mtoto wa shule ya mwaloni anafundishwa, mahali palipopimwa na kuonekana salama, na mtu aliyefunzwa akiwa majini pamoja nao. Naomba viongozi wa mialo wasiruhusu mtumbwi utoke jioni wakati majaketi yako nyumbani yametundikwa ukutani. Wazazi, nawaomba mumwache binti naye ajifunze.

Na wewe unayesoma haya huku ukisubiri kivuko, ukishapanda mwulize mhudumu majaketi okozi yako wapi, uchukue moja, ulivae na kulifunga kamba zote kabla chombo hakijaondoka gatini. Kama umekuja na mtoto, mfunge yeye lake, kisha wewe lako.